Kazi ya Dirishani: Tathmini ya Huduma ya Methadoni kwa Anayetaka Kuifanya

Anayeandika kuhusu kliniki za methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mraibu wa heroini mahali pa heroini yenyewe, kwa kawaida humwandikia mtu anayetafuta tiba, au mzazi wake. Sisi tunamwandikia mwingine: muuguzi, mfamasia, ofisa ustawi wa jamii, au kijana aliyeacha unga (heroini) mwenyewe, anayejiuliza kama akiingia kwenye kazi ya kuwasaidia waraibu atakuta humo kitu cha kumwamsha kila asubuhi akiwa na moyo. Huduma tunayoipima ni ya kliniki za serikali za Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya, pamoja na asasi za kiraia zinazozipelekea wateja. Tunaipima kama mahali pa kazi. Jibu letu kwa ufupi: ni kazi yenye maana kubwa, inalipa kidogo, na maana yenyewe haiko pale ambapo wageni wengi huitafuta.

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni Februari 2011. Mwananyamala ikafuata 2012, Temeke 2014, Kidongo Chekundu mjini Unguja 2015, na baadaye Mbeya, Dodoma, Mwanza na kwingineko. Kenya ilianzia Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha Malindi 2015. Dawa yenyewe imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005, na mteja hailipii. Kabla ya hapo, familia nyingi za Kinondoni, Malindi au Unguja zilikuwa na njia moja iliyo karibu: kumfungia mtu chumbani na ndoo, arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga, impige siku tano hadi saba, kisha kumfungulia mlango na kumwomba Mungu. Wengi walirudi maskani, kwenye vijiwe vya watumiaji, wiki hiyohiyo. Na kwa kuwa mwili ulikuwa umeshausahau unga, kipimo kilekile walichokizoea zamani ndicho kilichowaua baadhi yao.

Tuanze na dirisha, maana siku nzima ya kliniki imeegemea hapo. Mteja anafika, anataja jina na namba yake, mtoa dawa analinganisha uso na picha iliyoko kwenye faili. Kabla ya kugusa chupa anamtazama. Mboni za macho zimesinyaa kama kichwa cha pini? Anaongea kwa kukokota? Ananuka pombe? Akiridhika, anabonyeza pampu, dawa inaingia kikombeni kwa miligramu zilizoandikwa siku hiyo, inachanganywa na maji au juisi, kikombe kinasogezwa dirishani. Mteja anakunywa hapohapo. Kikombe kinatiwa maji tena, anakisuuza na kuyanywa yale maji, kisha lazima aseme neno. Yote hayo hayafiki dakika mbili.

Kila hatua ina sababu yake. Dawa huchanganywa ili isidungwe kirahisi. Neno linadaiwa kwa sababu mtu anaweza kuibana dawa mdomoni, akaitemea kwenye chupa nyuma ya ukuta na kuiuza. Jina na picha hulinganishwa kila siku, hata kwa mteja wa miaka 6, kwa sababu foleni ina akina Juma watatu, na aliyezoea miligramu 40 akipewa 120 za mwenzake anaweza asiamke kesho. Makosa ya dirishani hutokea zaidi saa ya msongamano: mtoa dawa anaacha kutazama macho ya aliye mbele yake, anatazama urefu wa foleni. Kliniki nzuri huweka watu wawili dirishani saa hizo, mmoja wa kupima na mmoja wa kusoma jina kwa sauti. Ukienda kutembelea kliniki kabla ya kuomba kazi, angalia jambo hilo kwanza kabla ya kuangalia rangi ya jengo.

Hapohapo dirishani ndipo maana ya kazi hii ilipo, na wengi huipita bila kuiona. Mwanamume wa miaka 50, aliyelala barazani mwa watu miaka nenda miaka rudi, huko nje anaitwa teja. Anaitwa hivyo na kondakta, na sungusungu, na mtoto wa dada yake. Anafika dirishani, muuguzi wa miaka 26 anamwambia, “Shikamoo baba, umeamkaje?” Wiki ya kwanza hajui aitikie vipi, anatazama chini. Zikipita wiki tatu nne utamsikia, “Marahaba mwanangu, nimeamka salama,” kwa sauti ya mtu mzima. Hakuna fomu ya kliniki yenye nafasi ya kuandika marahaba hiyo, lakini watu wa dirishani huisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Anayeona kwamba hilo ni jambo dogo, kazi hii haitamfaa.

Upande wa pili wa dirisha ni kukataa. Aliyesinzia hapewi dawa. Aliyelewa hapewi. Anaambiwa akae kwenye benchi, apimwe tena baada ya muda, na kama bado hajachangamka anaonwa na daktari. Atatukana, mara nyingine mama yake atatukana pamoja naye. Kumkatalia mtu dawa kwa upole, bila kumdhalilisha mbele ya foleni, ni ujuzi unaochukua miezi kuupata, na ndio unaookoa maisha mengi kuliko ushauri wowote.

Asiyejua dozi atawaumiza watu kwa huruma zake, hivyo hesabu hii ijulikane na kila mfanyakazi, hata asiyegusa chupa. Mteja huanzishwa kwa miligramu 10 hadi 30, kulingana na alivyokuwa akitumia na alama za arosto anazokuja nazo: miayo, makamasi, jasho, vinyweleo kusimama, mboni kupanuka. Dawa hufika kilele baada ya saa 2 hadi 4, na kwa wengi nusu yake bado imo mwilini siku nzima baadaye. Kwa hiyo miligramu 30 za siku ya nne zinakalia mabaki ya siku tatu zilizotangulia. Siku ya pili mteja atalalamika kwamba dawa haimshiki, na anasema kweli. Ukimwongezea siku hiyo, na kesho yake tena, anaweza kukata pumzi usingizini siku ya nne au ya tano, nyumbani kwao, huku familia ikidhani anakoroma kwa uchovu. Ndiyo maana nyongeza huwa ya miligramu 5 hadi 10, na daktari husubiri siku 3 hadi 5 kabla ya nyingine, mpaka mteja afike mahali anapokaa bila arosto na bila hamu. Kwa wengi mahali hapo ni kati ya 60 na 120. Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari, hasa kwa anayechanganya na pombe au diazepamu, dawa ya usingizi.

Kosa la upande wa pili ni la kliniki zenye woga. Mteja anaachwa kwenye 40 miezi kadhaa, usiku arosto inamgusa, anajazia na kete moja ya unga, kipimo cha mkojo kinaonyesha unga, kisha faili linaandikwa kwamba hana nia ya kupona. Nia anayo. Dozi ndiyo haitoshi. Ukisikia wafanyakazi wa mahali fulani wakizungumza sana juu ya wateja wasio na nia, uliza dozi zao za wastani ni ngapi.

Akikosa siku moja au mbili, kwa kawaida huendelea na dozi yake. Akikosa siku tatu mfululizo haonani na pampu mpaka aonane na daktari, ambaye mara nyingi ataishusha. Zikizidi tano, huanza upya kama mgeni. Kwenye kutapika, kinachohesabika ni alichokiona mhudumu kwa macho yake, na baada ya dakika 30 dawa nyingi inakuwa imeshaingia mwilini, hairudishwi.

Jambo moja huwapita hata wazoefu. Mteja aliyetulia kwenye 80 anagundulika na kifua kikuu, anaanzishiwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, katika jengo lingine, na ndani ya wiki moja au mbili anarudi dirishani akitetemeka na kusema dawa imechakachuliwa. Haijachakachuliwa. Rifampisini inalifanya ini liivunje methadoni haraka. Efavirenzi ya VVU, na fenitoini na kabamazepini za kifafa, hufanya vivyo hivyo. Dozi inapandishwa, na matibabu ya kifua kikuu yakiisha inapaswa kushushwa taratibu, hatua ambayo husahaulika kwa sababu siku hiyo kila mtu amefurahi kwamba mgonjwa amepona. Swali la kuuliza kila wiki ni rahisi: “Kuna dawa yoyote mpya umeanzishiwa?”

Na kuhusu naloksoni, ile dawa ya kumrudisha aliyezidiwa: miligramu 0.4 kwenye msuli, na kama hapumui vizuri baada ya dakika 2 au 3 anaongezwa, huku mwingine akimpulizia pumzi. Nguvu yake hudumu dakika 30 hadi 90. Methadoni hudumu zaidi ya siku. Aliyezinduka akasema yuko sawa, akaruhusiwa kwenda zake, anaweza kuzama tena akiwa kwenye daladala. Huyo ni wa kulazwa na kuangaliwa, hata akigoma.

Unasihi ndio upande dhaifu wa huduma hii. Mnasihi mmoja anabeba mafaili mengi mno, na kikao kilichopaswa kuwa nusu saa kinageuka kuwa maswali matano mlangoni. Kama wewe ni mnasihi uliyezoea kukaa na mtu mpaka amalize, utaumia hapa mwanzoni. Wanaodumu ni waliojifunza kuchagua: leo watatu, kwa kina, na waliobaki salamu ya kweli.

Nguzo ya huduma nzima ni mwelimisha rika, mtu aliyepitia unga mwenyewe na sasa anafanya kazi na asasi. Yeye ndiye anayekwenda maskani, anayemleta mtu kwenye vikao vya maandalizi, anayemsindikiza siku ya kupimwa damu, anayemtafuta akipotea. Kazi yake ina saa zake. Alfajiri mtu wa maskani yuko kwenye arosto, anahangaikia hela ya kete, hasikii la mtu. Akishapata, muda wa kwanza amesinzia. Nafasi inakuja baadaye, mwili ukiwa umetulia na arosto ya pili bado iko mbali. Arosto ya heroini huanza saa 6 hadi 12 baada ya kipimo cha mwisho. Katika nafasi hiyo anaweza kuketi juu ya tairi bovu akaongea dakika ishirini kama mtu mwingine yeyote, na maswali yake yatakuwa ya maana: Hiyo dawa inamaliza nguvu za kiume? Inaozesha meno? Nitakunywa mpaka lini? Mwelimisha rika aliyefundishwa vizuri hadanganyi. Kwa baadhi hamu ya tendo hupungua na dozi inaweza kuangaliwa. Mdomo hukauka, hivyo meno yanataka maji na mswaki. Choo huwa kigumu. Na muda wa kunywa ni miaka, kwa wengine maisha. Anayeahidi miezi mitatu anampoteza mteja mwezi wa nne.

Mteja akikosekana siku mbili, mwelimisha rika anajua pa kuanzia: geti lipi la soko, kituo kipi cha polisi, baraza la nani. Njia zilezile alizokuwa akizipita kununua ndizo anazozipita kumtafuta mtu. Hatujaona kazi nyingine inayoichukua miaka ambayo familia nzima iliiona imepotea na kuifanya iwe ndiyo sifa ya kuajiriwa. Ndiyo sababu wengi wao huifanya kwa posho ambayo wengine wasingeinukia kitandani, na ndiyo sababu pia ni dhambi kuendelea kuwalipa hivyo.

Lakini kazi hiyo ina meno. Harufu ya kokteli (bangi iliyochanganywa na unga) ikivutwa, au foili ya unga ikichomwa, humfikia aliyeacha tumboni kabla ya kumfikia kichwani. Asasi makini huwapeleka watu wawiliwawili. Hazimpangi mtu maskani aliyokuwa akikaa yeye. Hazimtumi na fedha taslimu za shughuli. Haziruhusu kumbebea mteja dawa, kumkopesha, wala kumlaza kwako. Na zina utaratibu wa kusema “leo hamu imenishika” kwa msimamizi kabla jua halijazama, bila kupoteza kazi. Zipo asasi zinazomwajiri mtu mwezi wa tatu tu tangu aache kwa sababu anajua kuongea mbele ya wafadhili. Hilo ni kumtumia. Sisi tungesubiri mwaka mmoja wa utulivu, na hata hapo aendelee na dozi yake, mnasihi wake na mikutano yake ya hatua 12, ile ya waraibu kusaidiana wao kwa wao, kama anahudhuria. Kuwahudumia wengine kunampa mtu sababu ya kuamka, hakuchukui nafasi ya matibabu yake mwenyewe.

Hapa tuseme wazi kuhusu hiyo maana ambayo watu huifuata. Anayekuja akitaka kumwokoa mtu fulani huchoka kabla ya mwaka kuisha, kwa sababu yule mtu wake atarudia. Kurudia ni sehemu ya ugonjwa. Mkojo utaonyesha unga Jumatatu, baada ya miezi minane safi, na mfanyakazi aliyeijenga furaha yake juu ya miezi hiyo atauona kama usaliti, atanuna, na mteja atasoma ule uso dirishani na kuacha kuja. Anayedumu humuuliza kilichotokea wikendi, anaangalia kama dozi inatosha, anampa kikombe chake na kumwambia tuonane kesho. Furaha yake ameiweka kwenye kesho hiyo.

Dalili za kupona anazijua aliyezoea. Viatu vinabadilika kabla ya shati. Mama anayemleta anaanza kubaki nje ya geti, kisha anaacha kuja. Na mteja anayelalamika kwa hasira juu ya saa za kufungua, sikilizeni kwa furaha: ana kibarua cha kuwahi. Malalamiko yake ni ya haki, hata hivyo. Kliniki hutoa dawa asubuhi, kila siku ya wiki, na aliyepata kazi ya kupakua mizigo sokoni au kuendesha bodaboda hulazimika kuchagua kati ya kikombe na riziki. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku nayo inawarudisha watu maskani, kwa sababu wengi wanaishi mbali na hospitali na wanategemea hisani ya kondakta. Dozi za kwenda nazo nyumbani kwa waliotulia ni jibu zuri, mradi ziwekwe kwenye sanduku lenye kufuli: kiasi ambacho mtu mzima anakunywa kama kawaida kinamuua mtoto.

Wanawake ndio huduma inaowakosa zaidi. Wapo maskani, kliniki ni wachache. Aliyefanya kazi usiku hawezi kuwahi asubuhi, mwenye mtoto hana pa kumwacha, na mwenye mwanamume anayemgawia unga huzuiwa asije. Mjamzito anahitaji kuambiwa mapema kwamba methadoni ni salama kwake kuliko kuacha ghafla, kwamba dozi inaweza kupanda miezi ya mwisho, kwamba mtoto anaweza kuzaliwa na arosto na hospitali inajua kuitibu, na kwamba atanyonyesha. Kama wewe ni mwanamke na unafikiria kazi hii, unahitajika kuliko mtu yeyote, na uende ukijua kwamba utakuwa na kazi mbili: ya kliniki, na ya kuwatafuta hao.

Kuhusu ajira, usidanganyike. Muuguzi wa serikali ana mshahara wake. Wa asasi ana mkataba mfupi unaofuata mradi, na sehemu kubwa ya miradi hii kwa miaka mingi imebebwa na fedha za Marekani. Januari 2025 misaada hiyo iliposimamishwa, watu wa mitaani, yaani waelimisha rika, ndio waliokuwa rahisi kuondolewa. Uwe na shughuli ya pembeni.

Anza kwa kujitolea miezi mitatu na asasi inayofanya kazi na kliniki iliyo karibu nawe, na kabla ya kukubali waulize mambo manne. Nani atanisimamia, na tutakutana naye mara ngapi kwa mwezi? Nikirudia, au nikishikwa na hamu, utaratibu ni upi? Naloksoni ipo ndani ya mkoba wa maskani, au imefungiwa ofisini? Na vocha ya simu ya kuwatafuta waliopotea analipa nani? Swali la pili wakilijibu kwa kutazamana, nenda asasi nyingine.